Kwa Nini Mzee Mizani Hanunui Vitara Vyenu Vyote

Wateja wetu wapenzi,

Kati ya malalamiko yote yanayotufikia, moja limejirudia mpaka tumeona tulijibu kwa maandishi. Mnasema mwenye duka wa Ukingo, kijiji cha kubuni katika mchezo wetu wa mezani, yule mliyembandika jina la Mzee Mizani, ni mnyonyaji. Mnamuuzia kitu kwa nusu bei, kesho yake kitu kilekile kimetundikwa ukutani kwa bei kamili. Mnarudi porini na mali mliyoitolea jasho na damu, anawaambia sanduku limekauka. Mnataka dawa ya majeraha, anawajibu msubiri msafara. Wako waliotuuliza, tena kwa uchungu, kama mwendeshaji wa mchezo ana neno na meza yao.

Hana neno na mtu. Mzee Mizani tumemuunda hivyo kwa kusudi, na tunamthamini kuliko mhusika mwingine yeyote wa Ukingo, hata kuliko joka la milimani. Hapa tunaeleza duka lake linavyokwenda, sababu ya kwenda hivyo, na njia tulizoongeza kuanzia mwezi huu ili mtu asirudi nyumbani na kinyongo.

Kwa anayetusoma kwa mara ya kwanza: sisi ni chumba cha michezo ya mezani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mji huu haujapata kukosa michezo ya kukaa. Keram, dhumna, bao na karata utavikuta kwenye baraza yoyote ikishapoa jua. Mchezo wetu unatofautiana na hiyo kwa kuwa hakuna anayemfunga mwenzake. Watu wanne au watano wanakaa meza moja, kila mmoja ana mhusika wake: huyu mpiga upinde, yule mganga, mwingine mwizi aliyetubu. Mwendeshaji anasimulia wanachokiona, wao wanasema wanachofanya, na penye shaka dadu zinaamua. Chimbuko la michezo ya namna hii ni Marekani, ambako Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Bei na uzito wa vitu tunavyotumia vinatoka kwenye kanuni za mchezo huo, toleo la 2014. Kijiji na watu wake tumevitunga wenyewe.

Ukingo ni kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Kina boma la magogo, kisima, mhunzi mmoja, nyumba kama thelathini na duka moja. Mji wa bandari, wenye masoko na matajiri, uko mwendo wa siku kumi. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: meza zetu zote zinacheza katika Ukingo huohuo. Walio Ijumaa, walio Jumamosi na vijana wa Jumapili asubuhi wanaingia mlango mmoja wa duka, wanachukua kwenye rafu moja, wanalipwa kutoka sanduku moja. Kamba iliyonunuliwa Ijumaa, Jumamosi haipo. Karibu kila mnachokiona kama ukaidi wa Mzee Mizani kinaanzia hapo.

Siku ya vitara kumi na viwili

Tuchukue mfano ambao wengi mtaujua. Meza imewavamia vibwengo kwenye pango, imewashinda, na imerudi Ukingo na punda aliyeelemewa. Mzigo unashushwa kaunta.

"Ami, hebu tazama hapa. Vitara kumi na viwili, vyote vizima. Tupe bei ya jumla."

Kwenye kanuni kitara kimoja, yaani upanga uliopinda, ni sarafu 25 za dhahabu, na dhahabu moja ni fedha kumi. Wachezaji wamekwisha piga hesabu njiani: kumi na viwili ni dhahabu 300, na wakikatwa nusu, 150. Tayari mmoja ameshajinunulia farasi moyoni.

Mzee Mizani hahesabu. Anachomoa kitara kimoja, anapitisha ukucha kwenye makali, anasimama pale makali yalipomegeka, anaendelea, anasimama tena. Ananusa pale mpini ulipofungwa kwa ngozi mbichi. Anakiweka kando, anachukua cha pili.

"Poleni na kazi, wanangu. Hivi viwili nitavichukua, kila kimoja dhahabu 12 na fedha 5. Hivi kumi vilivyobaki ni chuma tu. Nitavipima kwa ratili."

Kitara kina uzito wa ratili tatu (ratili ni karibu nusu kilo), na ratili ya chuma ni fedha moja. Vitara kumi ni ratili thelathini, yaani fedha thelathini, yaani dhahabu tatu. Jumla ya malipo ni dhahabu 28. Kutoka 300 mpaka 28! Kelele zinazofuata tunazisikia hadi jikoni.

Lakini rudini kwenye kanuni zenyewe. Zinasema silaha na deraya (mavazi ya kujikinga vitani) ambazo hazijaharibika huuzwa kwa nusu ya bei yake, na zinasema pia kwamba silaha zilizotumiwa na viumbe wa porini ni nadra kuwa katika hali ya kuuzika. Kwa hiyo nusu bei ni ya kitu kizima. Kibwengo hana jiwe la kunolea wala mafuta ya kuzuia kutu. Kitara chake amekirithi kwa mwingine aliyekitumia kuchanjia kuni. Mzee Mizani alipochukua viwili kwa nusu bei alikuwa amewafaa.

Swali alilowauliza siku ile ndilo zito zaidi, na wengi hawakulisikia kwa kelele: "Nitamuuzia nani?" Ukingo una nyumba thelathini. Wakulima wake wanataka majembe, misumari, chumvi na utambi wa taa. Mlinzi wa boma ana upanga wake. Wanunuzi wa vitara hapo ni nyinyi wenyewe, na nyinyi ndio mnaoviuza.

Hesabu ya nusu bei

Tuseme basi kitu ni kizima kabisa. Deraya ya pete za chuma, haina tobo, bei yake dhahabu 75. Kwa nini Mzee asitoe hata 60?

Deraya hiyo ina uzito wa ratili 55. Huku kwetu pwani enzi za misafara walipima kwa frasila, na frasila moja ni kama ratili 35, karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Maana yake deraya moja inamla mpagazi karibu mzima. Mzee akiipeleka mji wa bandari anakodi mtu kwa siku kumi za kwenda na kumi za kurudi. Kibarua asiye na ufundi analipwa fedha mbili kwa siku: siku ishirini ni fedha 40, yaani dhahabu 4. Chakula cha safari ni fedha tano kwa siku: siku ishirini ni fedha 100, yaani dhahabu 10. Jumla 14. Ongezeni dhahabu 37 na nusu alizowalipa nyinyi, mzigo umeshafika 51 na nusu kabla haujaonwa na mnunuzi. Na mnunuzi wa mjini naye ni mfanyabiashara. Kama atauza kwa 75, hatanunua kwa 75. Akitoa 60, Mzee Mizani amebakiwa na dhahabu nane na nusu, na humo bado hajalipa walinzi, hajalipa ushuru wa daraja, wala hajahesabu deraya inayozama mtoni au kuporwa na vibwengo mliowaacha hai.

Hesabu hii tumeiweka wazi kwa sababu tunataka muijue. Atakayeielewa anaweza kuitumia. Mchezaji mmoja wa Jumapili, kijana wa shule, alimwambia Mzee: "Sisi tunakwenda bandarini wiki ijayo. Tukibebea mzigo wako bure, utatupa ngapi?" Alilipwa dhahabu 48 kwa deraya ileile ambayo wakubwa wake walikuwa wameipigia kelele. Dadu hazikuguswa. Alichoondoa ni ile gharama ya mpagazi, na Mzee akaona afadhali amgawie sehemu.

Sanduku

Sasa fedha taslimu. Msafara ukishafika na kuondoka, sanduku la Mzee Mizani huwa na dhahabu 200. Kiasi hicho tumekiweka sisi, na hatukipandishi kwa sababu meza fulani imepata bahati pangoni.

Fikirini uzito tu. Kwa kanuni, sarafu hamsini zina uzito wa ratili moja. Ile deraya kamili ya mabamba ambayo kila mpiganaji anaiota ni dhahabu 1,500, yaani ratili thelathini za dhahabu, karibu kilo 14. Nani ataweka kilo 14 za dhahabu kwenye kibanda cha magogo kilicho kando ya msitu wenye majitu? Akiwa nazo, Ukingo haumalizi mwezi.

Yeyote aliyewahi kwenda kwa wakala wa pesa kwa simu siku ya mwisho wa mwezi analijua jambo hili. Unataka kutoa elfu hamsini, wakala anakutazama kwa huruma anakwambia keshi imekwisha, mpaka aje mtu wa kuweka. Hujadhulumiwa, na pesa yako ipo. Haipo tu hapo kwenye droo yake kwa saa ile. Mzee Mizani naye yuko hivyo.

Na meza zote zinachota kwenye droo moja. Meza ya Ijumaa ikimaliza 180, ya Jumamosi itakuta 20. Tukiwajazia Jumamosi kimyakimya, tumewadhulumu wa Ijumaa waliokubali bei ndogo wakijua sanduku ni dogo. Hatutafanya hivyo kwa mteja yeyote, awe wa siku nyingi au wa leo.

Tulikojifunzia

Kuna watu wanadhani haya tumeyatunga ili kubana wachezaji. Tumeyatoa kwenye njia inayoanzia hapa hapa kisiwani.

Biashara ya Mombasa na bara ilikuwa biashara ya mipakani kwa karne nyingi. Koo za Waswahili wa mji zilikuwa na marafiki na washirika wao miongoni mwa Mijikenda, na bidhaa zilipita mikononi mwao. Wakamba nao waliongoza misafara yao wenyewe kuja pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kutoka Rabai kwenda mbele kulikuwa na nyika ya Taru, kavu, ambayo msafara uliivuka kwa kuhesabu maji. Ng'ambo yake ilikuwa milima ya Taita, na mbele zaidi Taveta, chini ya Kilimanjaro, penye msitu na maji na chakula. Ukituuliza Ukingo tumeuchora kwa kutazama wapi, jibu ni Taveta. Misafara ilitua pale, ikapumzika, ikanunua chakula, ikajipanga kwa safari ya nchi ya Wamaasai.

Sarafu huko hazikuwa na kazi kubwa. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia huyo, ile yenye mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mingi baada ya mwenyewe kufa, ilitembea sana mijini pwani. Bara walitaka nguo za merikani na kaniki, waya wa shaba na shanga. Na hata shanga haikuwa shanga yoyote. Rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa mwendo wa siku chache mbele, na mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo wa changarawe. Msafara wa Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti, uliotoka Mombasa mwaka 1883, ulipofika Taveta ilibidi watu wakae watunge shanga upya, nyuzi kwa nyuzi, kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Fikirini msafara mzima umesimama, watu wazima wameketi chini ya miti wanatunga shanga, kwa sababu mnunuzi wa mbele anataka uzi uwe hivi na si vile.

Tukimpa Mzee Mizani mdomo wa kusema "hiki hapa hakitakiwi," tunakuwa tumekumbuka hilo. Thamani iko kwa anayenunua, pale alipo, siku ile.

Jambo moja hatukulichukua. Njia zile zilipitisha pembe, na zilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Hilo hatuliigizi kama biashara. Katika duka la Ukingo binadamu hauzwi, hanunuliwi, wala hawekwi rehani, na meza itakayojaribu itaambiwa na mwendeshaji kwa upole lakini bila mjadala.

Misimu

Mwenyeji wa hapa hahitaji kuelezwa kaskazi na kusi. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalifika Bandari ya Kale kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi, na bei ya tende mjini ilifuata upepo. Ukingo hauna bahari, ila una mto. Masika ukifurika, daraja linafungwa na msafara haupiti. Kamba ya dhahabu moja inakuwa mbili. Chumvi inafichwa chini ya kaunta kwa ajili ya wenye watoto. Dawa ya majeraha, ambayo hata siku njema ni dhahabu 50, haipatikani kwa bei yoyote.

Tunawaarifu mapema. Kwenye ubao karibu na mlango tumeandika msimu wa Ukingo na siku ambayo msafara unatarajiwa. Usomeni kabla ya kukaa. Meza iliyonunua mafuta ya taa na chakula kabla ya mvua ilicheza masika yote bila taabu, na baadaye iliwauzia wenzao wa meza nyingine akiba yao. Kwa faida, naam, na ni haki yao.

Kuhusu 20 kwenye dadu

Hili lina hasira zake. Mchezaji anabembeleza bei, anarusha dadu ya pande ishirini, inasimama kwenye 20, meza nzima inasimama. Kisha Mzee Mizani anapunguza fedha chache tu. "Mbona nimepata ishirini?"

Dadu inaonyesha umesema vizuri kiasi gani. Umesema vizuri kuliko wote, na Mzee amefurahi, amekupa bei ambayo hampi mwingine, pengine amekuwekea kikombe cha kahawa na akakuambia habari ambayo hakuwa ameikusudia. Lakini maneno matamu hayaongezi sarafu sandukuni wala hayafupishi njia ya siku kumi. Kwa hiyo mwendeshaji wetu ana mpaka: kwa kubembeleza peke yake bei haisogei zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Zaidi ya hapo lete sababu. Beba mzigo wake. Mletee habari ya daraja. Mwokolee mpwa wake aliyepotea msituni. Tungependa mtambue kwamba Mzee Mizani ana kumbukumbu: daftari lake lina ukurasa wa kila mhusika, na aliyemtukana masika iliyopita bado ameandikwa humo.

Anachonunua kwa bei kamili

Hapa ndipo wengi mnapoteza mali. Kwa kanuni, vito, mapambo na bidhaa za biashara hazikatwi nusu. Ni kama fedha taslimu. Tazameni bei za ratili moja: chumvi shaba 5, tangawizi dhahabu 1, mdalasini au pilipili manga dhahabu 2, karafuu dhahabu 3, zafarani dhahabu 15. Hariri huuzwa kwa yadi ya mraba, dhahabu 10. Mbuzi ni dhahabu moja, kwa hiyo ratili ya karafuu inakupa mbuzi watatu. Mtu aliyekulia karibu na soko la Marikiti akipita kwenye vibanda vya viungo hawezi kushangaa, ila nashangaa ni meza ngapi zimeacha gunia la karafuu pangoni ili zipate nafasi ya kubeba ngao zilizopasuka.

Gunia la ratili ishirini za karafuu ni dhahabu 60, na mtoto analibeba. Vitara kumi na viwili vilikuwa ratili 36 na mkapata 28. Chagueni wenyewe.

Mbali na viungo, kila mwezi Mzee huwa na mahitaji yake, na kwa hayo hutoa bei kamili hata kama kanuni hazisemi: nta, asali, ngozi zilizokaushwa vizuri, mizizi ya dawa, na ramani za njia zilizochorwa na mtu aliyezipita.

Njia tulizoongeza

Ya kwanza ni hundi. Ukileta kitu kizuri na sanduku halitoshi, Mzee atakupa alichonacho, na kilichobaki atakuandikia hundi ya tajiri wake mjini. Ni karatasi halisi, tunaichapisha, ina muhuri na ina nambari. Ukifika mji wa bandari unalipwa yote. Wafanyabiashara wa pwani na wa Bara Hindi walitumia hundi kwa sababu hizihizi, kwamba karatasi haimwelemei punda. Inaweza kuibiwa, kwa hiyo itunzeni kwenye karatasi ya mhusika, siyo wazi mezani. Inaweza pia kupokezanwa: meza ya Ijumaa ikimdai Mzee na meza ya Jumamosi ikawa inakwenda bandarini, mnaweza kuuziana hundi kwa bei mtakayokubaliana. Sisi tutaishuhudia tu.

Ya pili ni mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi. Mhusika mwenye jina zuri dukani anaweza kuchukua kamba, mafuta, chakula, hata dawa moja ya majeraha, akalipa akirudi. Misafara mingi ya kwetu iliondoka hivyo, mali ni ya tajiri na safari ni ya msafiri. Asiyerudi kwa wakati, deni linabaki kwa wenzake wa meza. Akifa mhusika, deni halifi. Tafadhali lizungumzeni hilo nyinyi kwa nyinyi kabla mmoja hajatia sahihi kwa niaba ya wote, kwa sababu tumeona marafiki wa kweli wakinuniana kwa deni la dhahabu za mchezo.

Tatu ni amana. Mnaweza kumwachia Mzee Mizani mali aitunze, na anatoza shaba chache. Hatoi riba, haikopeshi, na haigusi. Wale mnaotembea na dhahabu 600, ratili kumi na mbili kiunoni, kisha mnashangaa mbona mmezama mtoni, hili ni lenu.

Na daftari sasa liko wazi. Zamani alilishika mwendeshaji peke yake. Kuanzia sasa ukurasa wa sanduku na wa rafu unakaa mezani, mnauona, na kila ununuzi unaandikwa mbele yenu. Ukurasa wa tabia za wahusika utabaki kwake. Mtu hasomi moyo wa mwenye duka.

Kwa mnaoendesha michezo nyumbani, wengi mmetuomba msaada wa namna ya kuliweka duka. Tunayo madaftari matupu yaliyopigwa mistari tayari: sanduku, rafu, msafara ujao, wadeni. Mnaweza kununua moja au kunakili letu bure mkikaa hapa. Anayetaka tumsaidie kulijaza, tukae naye tutunge kijiji chake, tajiri wake, njia yake na misimu yake, aje siku za kati ya wiki mchana, chumba kikiwa kitulivu. Ushauri wetu wa kwanza huwa mmoja: amua kwanza msafara unafika lini na umebeba nini. Bei zitajipanga zenyewe nyuma ya jibu hilo.

Nafasi za Ijumaa zinaanza baada ya Isha. Jumamosi tunaanza alasiri na kumaliza mapema kidogo, kwa ajili ya wanaovuka feri kwenda Likoni. Vijana wa Jumapili waje na mzazi au mlezi mara ya kwanza tu. Kiingilio hakijabadilika, na kahawa chungu na kashata bado zimo ndani yake.

Hali ya duka kwa sasa: mto umepungua, daraja limefunguliwa, msafara bado uko njiani. Sandukuni mna dhahabu 46. Kamba zimebaki mbili, mafuta ya taa chupa tisa, dawa ya majeraha hakuna. Mzee Mizani anatafuta nta kwa haraka na atalipa bei kamili. Walio meza ya Jumamosi mliomuuzia deraya ya mkuu wa vibwengo, hundi yenu imeshaandikwa na iko kwenye bahasha ya kahawia kaunta. Ichukueni kabla hatujaanza.